Nenda shuleni kabla hujaitwa

Wazazi wenzangu wa Mwanza, hasa mlioko Kirumba, Igombe na visiwani: msisubiri barua ya mwalimu mkuu. Wengi wetu tunakanyaga shuleni mara mbili tu, siku ya kuandikisha mtoto na siku ya kesi. Siku ya kesi mwalimu hakujui, nawe umefika umekunja uso. Mnaanzia pabaya.

Chagua siku ya kawaida, wiki ya pili au ya tatu baada ya shule kufunguliwa, umwone mwalimu wa darasa. Dakika 10 zinatosha. Beba daftari la mtoto, muulize: "Mwalimu, ni kitu gani hasa nimsaidie nyumbani?"

Kisha mwachie namba ya simu na umweleze ratiba yako ya kazi. Hili la ratiba ni kubwa kuliko linavyoonekana. Baba anayevua dagaa kwa taa huwa ziwani usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu anapumzika. Mwalimu akilijua hilo, atajua wiki gani amwite. Na kikao cha wazazi kikiangukia siku za giza, iombeni kamati ya shule ikisogeze, msikae kimya. Mama anayeanika dagaa naye asubuhi hana nafasi, jioni pengine anayo.

Kama hujui kusoma, nenda vilevile, tafadhali. Mwombe mwalimu akueleze kilichomo kwenye daftari. Mtoto akikuona umekaa na mwalimu wake mnazungumza bila ugomvi, jioni hiyohiyo utasikia anavyosimulia.