Jinsi ya Kuficha Sanduku la Hazina Porini: Mwongozo kutoka Nyanda za Juu Kusini

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa mchezo wa kusaka hazina kwa vijana wa hapa Mbeya wakati wa likizo ya Juni, na watu huniuliza zaidi kuhusu kuficha sanduku kuliko kuhusu vitendawili vinavyoelekeza lilipo. Wengi hudhani adui wa sanduku ni macho ya msakaji. Kwa uzoefu wangu msakaji huja mwisho. Kabla yake huja mvua, mchwa, moto wa kiangazi, jembe la mkulima na shaka za majirani, na sanduku lisiloandaliwa dhidi ya hao halifiki siku ya mchezo.

Hatua ya 1: Omba ardhi kwanza

Anza na mwenye shamba, kisha mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, na umweleze waziwazi utakachofukia, mahali na muda kitakaokaa. Mwaka wangu wa kwanza niliruka hatua hii. Nilifukia sanduku jioni kandokando ya shamba nikiwa na tochi na chepe, na kesho yake nilikuta watu wapatao ishirini wamezunguka shimo, wengine wakinong'ona kuhusu uchawi na wengine wakidai nimeiba mali iliyofichwa na Wajerumani. Sikuwalaumu, kwani mtu anayechimba gizani katika ardhi isiyo yake hana maelezo yanayosikika. Tangu siku hiyo nachimba saa nne asubuhi, mbele ya mjumbe.

Yapo maeneo ambayo hayafai hata kama mtu angekuruhusu. Isimila karibu na Iringa ina zana za mawe za kale zilizotawanyika juu ya ardhi na ndani ya tabaka zake, na shimo moja huvuruga mpangilio ambao wataalamu huutegemea. Kimondo cha Mbozi, jiwe la Gangilonga lililopo Iringa mjini, makaburi na misitu ya matambiko navyo viachwe. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, kwa hiyo hakuna kuchimba wala kung'oa maua. Kaa pia mbali na mito na chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji dhidi ya shughuli za kudumu, nami hutumia kipimo hichohicho kwa sababu nyingine: mto wa Machi hauna adabu.

Hatua ya 2: Chagua sanduku

Mbao za msindano ni rahisi kupatikana kwetu, lakini mchwa huzipenda kuliko sisi. Tranka la bati, lile la wanafunzi wa bweni, lina sura nzuri ya hazina, ila kutu huanzia kwenye viungo vyake. Ninachofanya ni kuweka zawadi ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana, kuzungushia mfuniko ukanda wa mpira wa tyubu, kisha kuiweka ndoo ndani ya tranka lililopakwa rangi ya mafuta nje na ndani, likiwa limetobolewa matundu madogo chini ili maji yakiingia yatoke. Tranka ni la kupendeza macho. Kinachozuia maji ni ndoo. Vile vifuko vya chembechembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu situpi hata kimoja; huviweka ndani ya ndoo.

Usitumie sanduku la chuma la kijeshi, maana atakayelikuta bila kujua mchezo atadhani ni bomu. Juu ya zawadi weka barua inayoeleza sanduku ni la nani, ikiwa na muhuri wa ofisi ya kijiji.

Hatua ya 3: Pima mahali kwa miguu yako

Mfanyabiashara wa Marekani Forrest Fenn alificha kasha la shaba nyeusi lenye dhahabu katika Milima ya Rocky karibu mwaka 2010, akiwa na umri wa takriban miaka themanini. Kasha na vilivyomo vilikuwa na uzito wa kilo 19 hivi, naye alisema alikwenda mara mbili kutoka garini ili kuvifikisha. Lilipatikana mwaka 2020 huko Wyoming, lakini kabla ya hapo watu kadhaa walikufa wakilitafuta mahali ambapo mzee mwenye mzigo asingeweza kufika. Kwa hiyo beba sanduku lililojaa kutoka njiani hadi maficho. Ukilazimika kushika mizizi ili usiteleze, pahali hapo hapafai. Usifiche ndani ya pango au tundu la mwamba ambalo msakaji ataingiza mkono bila kuona, kwa kuwa kifutu naye hupapenda.

Hatua ya 4: Chimba na urudishe ardhi ilivyokuwa

Mimi hufukia mwezi Machi, mvua zikiwa bado zipo, ili nyasi zishike tena kabla ya Juni. Tandaza maturubai mawili. Kata nyasi kwa panga pamoja na mizizi yake katika vipande vya upana wa chepe, uviweke kwenye turubai la kwanza kwa mpangilio uleule. Udongo mweusi wa juu uwe upande mmoja wa turubai la pili na mwekundu wa chini upande mwingine, kwa sababu udongo mwekundu ukibaki juu ya nyasi huita macho kutoka mbali.

Kwa tranka la sentimita 60 kwa 40 kwa 30, shimo liwe na kina cha sentimita 70: kumi za kokoto chini, thelathini za sanduku, na thelathini za kufunika ili jembe lisilifikie. Kwenye udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe maji hupita upesi. Kwenye mfinyanzi mwekundu wa Iringa kokoto ziongezwe, la sivyo shimo linageuka kisima. Rudisha udongo kidogo kidogo, ukishindilia kila sentimita kumi, na juu uache kimwinuko cha vidole viwili, kwa kuwa mvua itaushusha. Usiposhindilia, baada ya wiki mbili utaona bonde lenye umbo kamili la sanduku.

Udongo utabaki. Sanduku hilo na kokoto zake huchukua nafasi ya takriban debe tano, na wengi huumwaga hapohapo kando. Upeleke mbali kwa kiroba.

Kama huruhusiwi kuchimba, tumia mwamba uliojitokeza juu ya ardhi tupu: weka sanduku kando yake na ulifunike kwa mawe yaleyale ya hapo, upande wenye kuvu ukitazama nje. Hakikisha hakuna nyasi ndefu karibu, maana kuanzia Agosti moto wa kusafisha mashamba huvuka mipaka.

Hatua ya 5: Andika alama

Usitegemee mti. Mkaratusi na msindano hukatwa, nawe utabaki unahesabu hatua kutoka kwenye kisiki kisichojulikana. Chagua miamba miwili mikubwa, upime umbali kwa kamba yenye mafundo kila mita moja, kisha uandike namba za GPS za mahali hapo kwa tarakimu tano baada ya nukta. Simu hukosea kama mita 5 mahali pa wazi na zaidi chini ya miti, kwa hiyo kipimo cha kamba ndicho cha mwisho. Nakala moja abaki nayo mwenyekiti ndani ya bahasha iliyofungwa.

Hatua ya 6: Rudi ukague

Rudi baada ya mvua kubwa ya kwanza, ukipita kila mara njia tofauti ili usitengeneze kijia kinachoishia kwenye hazina. Ongeza udongo palipobonyea. Mchezo ukiisha bila sanduku kupatikana, lifukue mwenyewe kabla ya Novemba, kwa sababu wakati huo mashamba huandaliwa na mwenye shamba huwa na haraka kuliko sisi.