Jinsi ya kuomba kibali cha utafiti wa jamii mkoani Tanga

Nimerudi kutoka Kigombe, kijiji cha pwani mkoani Tanga, wiki tatu zilizopita. Kazi yenyewe ya kuhoji watu ilikwenda vizuri, lakini kabla sijamhoji mtu wa kwanza nilikuwa nimeshapoteza siku tisa kwa sababu ya neno moja kwenye barua. Naandika kwa ajili ya anayekuja nyuma yangu, hasa mwanafunzi anayejilipia nauli na chumba mwenyewe, asizipoteze siku zake kama mimi.

Utafiti wangu ulihusu kina mama wanaochemsha na kuanika dagaa wa baharini. Wengine wanaanika chini mchangani, wengine kwenye chanja, na mvua za masika zikianza mzigo mwingi unaharibika. Nilitaka kujua kwa nini chanja hazijaenea, ilhali karibu kila mtu anakiri zinasaidia. Huo ndio utafiti tumizi: swali linatoka kwenye shida ya watu, na jibu lina mtu wa kulifanyia kazi. Kwangu mimi mtu huyo alikuwa afisa uvuvi wa halmashauri pamoja na kikundi cha kina mama wenyewe. Ukishindwa kumtaja atakayelitumia jibu lako, usiende kuomba barua. Kaa chini na swali lako kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu kibali kinabeba mambo matatu yasiyobadilika kirahisi: kichwa cha utafiti, maeneo, na tarehe za kuanza na kumaliza. Yote matatu yanatoka kwenye mpango wako. Wengi tunaomba barua mapema "ili mchakato uanze", huku mpango tukiumalizia baadaye. Nilifanya hivyo hivyo.

Barua inatoka wapi? Ukiwa mwanafunzi au mhadhiri wa chuo cha hapa nchini, kwa kawaida chuo chako ndicho kinachokuandikia, na barua inaelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa (RAS). Mtafiti kutoka nje ya nchi anapitia COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Anaomba kwa njia ya mtandao, awe na mtafiti mwenyeji wa kushirikiana naye, kisha ashughulikie ukaazi wake Uhamiaji. Utafiti unaogusa afya za watu unahitaji pia kibali cha maadili, na kwa ngazi ya taifa mambo hayo yako NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hicho ukiombe mapema kuliko unavyodhani inatosha.

Sasa nije kwenye neno lililonigharimu. Fomu ya chuo ilikuwa na sehemu ya "eneo la utafiti". Niliandika "Tanga", na aliyeandaa barua akaweka "Tanga" vilevile. Lakini Tanga ni mkoa, Tanga ni wilaya, na Tanga ni Jiji. Mkoa una wilaya nane na halmashauri kumi na moja. Nilipofika mjini nilielekezwa upande wa Jiji, nikasubiri siku tatu, na siku ya nne mama mmoja wa masijala akaniita pembeni.

"Mwanangu, unakwenda kijiji gani?"

"Kigombe, mama."

"Kigombe siyo ya Jiji. Ile ni Muheza. Hapa utazeeka."

Namshukuru mpaka leo, maana kabla yake hakuna aliyeniuliza jina la kijiji. Ukiitazama barabara ya kwenda Pangani utaona ni rahisi kiasi gani kukosea. Unatoka Tanga mjini, unapita Tongoni ambayo bado ni Jiji, unafika Kigombe ambayo ni Halmashauri ya Wilaya ya Muheza, unaendelea mbele unaingia Wilaya ya Pangani. Barabara moja, halmashauri tatu. Mtu wa Kigombe anafanya manunuzi yake Tanga mjini, lakini barua yake inasainiwa Muheza, ambako unafika kwa barabara nyingine kabisa, ile ya kwenda Segera. Kaskazini nako kuna mtego kama huo: vijiji vya pwani kuelekea Horohoro viko Mkinga, ingawa wenyeji wake wakiwa mbali watakuambia wanatoka Tanga.

Ilibidi chuo kiandike barua upya. Kwa hiyo kwenye fomu andika ngazi zote: mkoa, wilaya, halmashauri, kata, kijiji. Kama kuna uwezekano wa kuongeza kijiji cha pili, kitaje sasa hivi. Kijiji kilichotajwa usipokwenda hakikuletei shida, lakini kisichotajwa hakikupokei.

Ukishapata barua sahihi, njia ni ya kushuka. Kwa RAS unaacha nakala masijala, na nakala yako wewe unaomba igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Andika kumbukumbu namba ya barua kwenye daftari na kwenye simu, kwa sababu kila atakayekujibu ataanza kwa kukuuliza hiyo. Mkoa utaandika kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya (DAS) na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Omba ubebe barua hizo mwenyewe kama wanaruhusu. Halmashauri itaandika kwa Mtendaji wa Kata, naye atakukabidhi kwa Mtendaji wa Kijiji na mwenyekiti. Toa nakala nyingi kabla hujaondoka mjini, pamoja na kitambulisho chako na muhtasari wa utafiti wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Huo muhtasari ulinisaidia kuliko pendekezo zima la kurasa arobaini, kwa sababu mtendaji aliusoma palepale akaelewa.

Kijijini, usimruke kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa fukwe, BMU. Barua yako haimtaji, lakini yeye ndiye anayejua nani anaanika wapi.

Tarehe ndizo zilikuwa kosa langu la pili. Niliomba wiki mbili nikiamini zinatosha kwa mahojiano arobaini. Sikujua kwamba kazi ya dagaa inafuata mwezi wa angani. Wavuvi wanawavuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka taa hazivuti kitu na mashua zinapumzika. Wakati wa giza kina mama wako kwenye moto tangu alfajiri, na hakuna mwenye nafasi ya kujibu dodoso la saa nzima. Wiki ya giza ni ya kukaa, kusaidia kubeba kuni na kutazama kazi inavyofanyika. Mahojiano yanataka mbalamwezi. Ukiomba kibali, omba miezi miwili hata kama unakusudia kukaa wiki tatu, na uangalie masika na Ramadhani zinaangukia wapi.

Dodoso lijaribu kwa watu watano au sita kabla hujachapisha nakala zote. Langu liliuliza: "Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?" Bibi wa kwanza niliyemhoji alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sihesabu mwezi wa kwenye kalenda. Niulize giza lililopita nilichemsha ndoo ngapi." Nikabadilisha swali, na majibu yakaanza kuja yenyewe. Ningeng'ang'ania mwezi wa kalenda, ningerudi chuoni na tarakimu za kubahatisha.

Kuhusu kuchagua watu wa kuhoji: Sensa ya 2022 iliuhesabia mkoa huu watu 2,615,597, lakini hakuna mahali utapata orodha ya waanika dagaa wa kijiji. Wengine ni wageni wanaokuja giza likiingia na kuondoka likiisha, hawamo kwenye daftari la mtendaji. Mimi na kiongozi wa BMU tulitembea ufukweni tukaorodhesha kila sehemu ya kuanikia, kisha nikamchukua kila wa tatu. Kwenye majadiliano ya vikundi niliwatenganisha wenye mitaji na wanaolipwa kwa ndoo. Wakikaa pamoja, mmoja ndiye anayesema.

Ridhaa isomwe kwa sauti, taratibu, na mtu aambiwe anaweza kukataa au kuacha katikati. Wapo watakaokubali kuzungumza lakini hawataki kuweka saini, kwa sababu saini wanaijua kwenye mikopo. Waombe ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi, ila utaratibu huo uwe umeshaupitisha kwenye kibali chako cha maadili. Majina yatunze mbali na majibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na simu yenye sauti za watu arobaini ni mzigo wa kutunzwa.

Kabla ya kuondoka nilipita kwa Mtendaji wa Kijiji kuaga, nikamwachia ahadi ya maandishi ya kurudisha matokeo. Nakala za ripoti zitakwenda mkoani, halmashauri na kijijini. Kina mama walisema wao hawahitaji ripoti, wanahitaji kikao. Tumeshakipanga wakati wa mbalamwezi ijayo, mashua zikiwa zimepumzika, na afisa uvuvi amekubali kuja kutoka Muheza.