Kwa daktari wa meno bila kukunja ngumi: vifaa vya kuulizia na jinsi ya kuvisaidia vifanye kazi

Wengi huogopa mashine ya kuchimba, lakini kinachowatoa jasho kitini hasa ni sindano ya ganzi, nayo huuma kwa sababu ya haraka kuliko kwa sababu ya ncha yake. Anza hapo kabla ya kuulizia skana au leza.

Kwanza jeli ya kutia fizi ganzi kabla ya sindano. Fizi ikaushwe kwa pamba, jeli ipakwe kidogo, iachwe dakika 1 hadi 2. Ikipakwa juu ya mate hutiririka ukaimeza: ulimi unakufa ganzi, fizi iko macho. Hata ikipakwa vizuri haizami zaidi ya milimita 2 au 3. Kinachofuata ni mwendo wa dawa ya sindano yenyewe. Kichupa cha kawaida kina karibu mililita 1.8, na mwendo mzuri ni mililita 1 kwa dakika, yaani kichupa kimoja kichukue karibu dakika 2. Mkono wa mtu huona tabu kushika mwendo huo, na ndiyo maana kuna kifaa cha ganzi kinachoongozwa na kompyuta. Kliniki isipokuwa nacho, mwombe daktari asukume taratibu. Utapata sehemu kubwa ya faida ileile.

Ule mwako dawa inapoingia hutokana na asidi, kwa kuwa ganzi yenye adrenalini huwa na pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ya chini kuliko 7.4 ya mwilini. Baadhi ya madaktari huichanganya na sodiamu bikaboneti, inayopunguza asidi, kabla tu ya kuchoma. Penye usaha nako nyama yenyewe huwa na asidi, nayo hufanya ganzi isishike vizuri, kwa hiyo usingoje mpaka shavu livimbe.

Mwenye hofu kubwa aulizie naitrasi oksaidi, gesi inayovutwa kwa pua. Huanza kwa oksijeni tupu, gesi ikaongezwa kidogo kidogo, na mwishoni oksijeni tupu tena kwa dakika 5 hivi. Ukiwa na mafua makali, ahirisha, maana pua iliyoziba haivuti kitu. Ukiongea ovyo nayo hupotelea hewani. Ukisikia kichefuchefu, inua mkono wapunguze.

Skana ya mdomoni imewapumzisha wale wanaotapika wakijazwa ule ujiuji wa kuchukulia umbo la meno. Ni kamera tu, nayo husoma inachokiona. Mate, damu na chuma kinachong'aa huivuruga, na ukingo wa jino uliojificha chini ya fizi haionyeshi mpaka fizi isukumwe kwa uzi mwembamba. Kazi yako ni kupumua kwa pua na kutuliza ulimi. Kwa eksirei ya pande zote, vua hereni, miwani na meno ya bandia yanayotoka, kisha usitikisike. Ukisogea, picha hutoka na ukungu na itabidi irudiwe, nawe upate mionzi mara mbili.

Leza huondoa uozo mdogo bila mtetemo, lakini haitoi ziba la zamani la chuma. Pakiwa na chuma, mashine ya kuchimba itarudi. Miwani ya kinga uvae wewe pia, si daktari peke yake.

Kofia ya jino, yaani kifuniko kinachovalishwa jino lililoharibika, inayochongwa palepale kliniki humalizika kwa ziara moja, lakini tenga saa 2 au zaidi, kwani aina nyingine lazima zichomwe kwenye tanuri baada ya kuchongwa. Watu wengi hukosea mwishoni. Unang'ata karatasi ya rangi ukiwa na ganzi, unasema "iko sawa", kumbe hujui. Ng'ata mara kadhaa, saga kushoto na kulia, na ganzi ikiisha jaribu tena nyumbani. Jino hilo likitangulia kugusana kabla ya mengine, rudi ndani ya siku chache lipunguzwe. Ukiliacha litauma kila utafunapo, na kofia inaweza kupasuka.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aseme kabla ya kuketi: baadhi ya mashine za mawimbi ya sauti za kung'oa ugaga hutumia sumaku, na daktari atachagua aina nyingine.