Maelezo yako ya kazi yanasema unafanya nini?

Mlioajiriwa kampuni za utalii hapa Arusha, kabla msimu wa Juni haujachachamaa, someni upya maelezo yenu ya kazi. Mengi yanasema "mpokezi" na "kazi nyingine utakazopangiwa", basi. Kumbe mhusika ndiye anayejibu wageni WhatsApp usiku, anapanga magari na kufuatilia vibali vya hifadhi.

Fungua faili Google Docs. Kwa wiki mbili hivi, kila jioni ongeza ulichofanya kweli, ukianza na kitenzi: kupanga, kukagua, kuandaa ankara. Kisha ingia O*NET OnLine, tovuti ya Wizara ya Kazi ya Marekani inayoeleza majukumu ya kazi mbalimbali, ni bure, utafute kazi inayofanana na yako uone ulichosahau. Usinakili tu, mpokezi wa kule hafukuzani na madereva wa Land Cruiser. Meneja mpe kiungo cha faili hiyo chenye ruhusa ya kutoa maoni, si kuhariri, umwombe arekebishe maelezo yako ya kazi.

Akisita, mkumbushe kwa upole kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: maelezo ya kazi yawe kwa maandishi, na yakibadilika, mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana nawe.