Jinsi ya kuokoa vakyumu ya zamani katika hewa ya chumvi ya Mombasa

Vakyumu, yaani mashine ya kufyonza vumbi, ya kwanza niliyoinunua niliiua kwa mikono yangu. Ilikuwa ya wima, mwili wa alumini, mfuko wa kitambaa chekundu, na ilikuwa imekaa stoo miaka mingi mahali ambapo mawimbi yanasikika. Nilifika nayo nyumbani saa za magharibi nikaichomeka kwenye soketi kabla hata sijavua viatu. Ikanguruma, ikapiga cheche za buluu, harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa chumba. Amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, imekwisha. Kosa halikuwa la uzee wa mashine. Unyevu na chumvi vilikuwa vimejificha ndani ya koili, nami nikazimiminia volti 240. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Jua pa kutafuta

Nyumba nyingi za Mombasa zilikuwa za sakafu ya saruji na mikeka, na vumbi likiondolewa kwa ufagio wa chelewa. Vakyumu za zamani hutoka palipokuwa na mazulia: majumba ya Kizingo na Tudor, hotelini, kwa familia zilizorudi na mizigo kutoka Uingereza. Mimi hupita kwa wauza vyuma chakavu Changamwe na Kongowea, na nimewaomba madalali wanipigie simu nyumba kongwe inapohamwa. Wahi kabla ya mwenye nyundo, maana huyo anataka shaba ya mota tu.

Utakutana na aina mbili. Za wima zinatokana na hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) aliyoipata James Murray Spangler wa Ohio, Marekani, mwaka 1908, ambayo William Hoover aliinunua. Za bomba, zinazolala chini na kuburutwa, zilienea baada ya Electrolux kutoa Model V mwaka 1921, ikiteleza juu ya vyuma viwili kama sleji, gari la kuburutwa thelujini. Ukiona yenye umbo la mpira, huenda ni Hoover Constellation, ambayo matoleo yake maarufu huelea juu ya hewa inayoitoa yenyewe. Hiyo usiiache.

Hatua ya 2: Soma kibati, usiguse soketi

Tafuta kibati cha maelezo, kwa kawaida kiko chini au nyuma. Kipige picha kabla ya kukisugua, kwa sababu namba zilizochapwa hufutika haraka. Angalia volti. Ya Kiingereza ya volti 240 inafaa umeme wetu. Ya Kimarekani ya volti 110 au 120 itaungua mara moja bila transfoma.

Hatua ya 3: Ifungue na uikaushe

Hapa ndipo penye kazi, na hapa usiharakishe. Vaa barakoa, toka nje, simama upepo ukiwa mgongoni. Piga picha kila skrubu kabla ya kuitoa na uzipange kwenye trei ya mayai kwa mfuatano. Vumbi la ndani ya mfuko ulimwage taratibu, ukilipitia kwa macho. Mimi nimekuta pini za buibui, shanga, senti za tundu, na mara moja mchanga mweupe wa ufuoni uliokuwa umekula ukingo wa feni hadi ukawa mkali kama wembe.

Ukifika kwenye mota, chomoa kaboni mbili zinazogusa amecha. Ziandike moja "kushoto", nyingine "kulia", na uzirudishe vilevile zilivyokuwa, kwa sababu kila moja imejichonga kulingana na upande wake. Ikiwa imebaki fupi kuliko upana wake, tafuta nyingine. Kaboni kubwa kidogo ya drili husuguliwa kwa msasa mpaka iingie kwa ulaini. Vipande vya shaba vya amecha vifute kwa pamba yenye spiriti. Vikiwa na masizi sugu, tumia msasa laini wa kioo. Msasa mweusi wa chuma usiutumie, maana chembe zake hupitisha umeme. Safisha mifereji kati ya vipande kwa kijiti cha mianzi.

Kisha kausha. Weka mota kwenye sanduku la mbao pamoja na balbu ya nyuzi (ile ya zamani inayotoa joto) ya wati 60 inayowaka, siku mbili, bila balbu kuigusa. Wakati wa kaskazi, hewa inapokuwa kavu, kazi hii huwa nyepesi. Wakati wa masika ongeza siku mbili nyingine. Beringi zipake grisi mpya kidogo. Mikanda iliyolainika kama lami usiitupe: ipime, ifungie kwenye mfuko wenye jina la mashine, na uweke mpya.

Hatua ya 4: Waya na jaribio

Waya wa zamani wa mpira ukiukunja hupasuka na kuonyesha shaba. Ubadilishe kwa waya wa nyuzi tatu, wenye uzi wa ardhi (athi) uliofungwa kwenye mwili wa chuma, plagi ikiwa na fyuzi ya ampea 3. Mashine ya wati 400 inavuta chini ya ampea 2. Waya wa asili uhifadhi.

Mwite fundi mwenye mega, kifaa cha kupima kama umeme unavuja, apime kati ya koili na mwili. Chini ya megaomu 1, irudishe kwenye sanduku. Ikipita, washa kwanza kupitia balbu ya wati 100 ya nyuzi iliyounganishwa mfululizo na mota, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike motani. Balbu ikififia huku mota ikizunguka polepole, uko salama kuendelea. Ikiwaka kwa nguvu na mota imekaa kimya, zima.

Hatua ya 5: Mwili na mfuko

Alumini na kromu futa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha waksi ya gari. Michubuko ya kabla yako iache. Mfuko wa kitambaa wenye maandishi usiuloweke, maandishi yatachuja. Upige brashi tu. Kama umechanika, fundi cherehani ashone mwingine wa marikani wa kutumia.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Kwa sisi wa Mji wa Kale, kuta za matumbawe hunywa unyevu na kutema chumvi. Rafu iwe mbali na ukuta na ardhi. Usifunge mashine kwa nailoni, itatoa jasho. Ifunike kwa leso kuukuu. Iwashe dakika tatu kila mwezi.

Mwisho, andika daftarini ilikotoka. Bomba moja la Electrolux nililipata kwa bibi mmoja wa Tudor. Aliniambia, "Mwanangu, hii haijawashwa tangu babu yako alipofariki." Jumamosi moja nilimpelekea ikiwa imekamilika, nikaipitisha juu ya zulia lake. Akaniomba nisiizime.