Somo: Namna ya kutumia vifupisho na lugha ya fani katika matangazo ya wakulima

Ndugu wanachama,

Kila msimu wa masoko unapokaribia ninaulizwa maswali yale yale kuhusu herufi zilizomo katika matangazo yetu, na nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Miongoni mwetu wapo wakulima wa pamba wa Igunga, wa tumbaku wa Urambo na Kaliua, wafuga nyuki wa Sikonge, na ndugu zetu wa kahawa wa Kasulu na Buhigwe, kwa hiyo herufi tatu zinazoeleweka kwa mmoja huwa fumbo kwa mwenzake.

Hatua ya kwanza. Jua ni nani atakayesoma.

Hatua ya pili. Kifupisho kilichozoeleka kuliko jina lake kamili, kama NIDA, TANESCO au AMCOS, kiache kilivyo.

Hatua ya tatu. Kifupisho kingine chochote kitanguliwe na jina kamili mara ya kwanza, herufi zifuate ndani ya mabano, kisha zitumike zenyewe. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo naomba msomaji atulie. Kwa mtu wa Igunga, TCB ni Bodi ya Pamba. Kwa mtu wa Buhigwe ni Bodi ya Kahawa. Na tangu mwaka 2021 ni benki pia, ile iliyokuwa ikiitwa TPB. Msimu mmoja lilitoka tangazo la sentensi moja tu: "TCB wanataka orodha ya wanachama kabla ya Ijumaa." Wa pamba wakadhani wanaitwa wao, wakakesha wakiandika majina; wa kahawa, ambao ndio waliokuwa wakihitajika, wakadhani ni mambo ya akaunti, wakanyamaza. Ijumaa ilipofika, orodha iliyokuwa mezani ilikuwa ya watu wasiotakiwa. TTB nayo ni vivyo hivyo, maana Bodi ya Tumbaku na Bodi ya Utalii zote hutumia herufi hizo. Ninaonya mambo mawili. Usitegemee kwamba mazungumzo yaliyotangulia yatamsaidia msomaji, kwa sababu tangazo huchukuliwa na kutumwa kwa mtu ambaye hakuyaona. Tena usiliweke jina kamili mwishoni, kwani kabla hajafika huko msomaji atakuwa ameshaamua maana anayoitaka.

Hatua ya nne. Hakikisha kwamba taasisi bado inaitwa hivyo. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ilibadilishwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ikabaki na dawa na vifaa tiba, na shughuli za chakula zikahamia Shirika la Viwango (TBS). Mfuga nyuki anayeambiwa leo aipeleke asali yake TFDA anatumwa kwenye ofisi isiyokuwepo.

Hatua ya tano. Maneno ya fani yasifutwe, ila yaelezwe. Bani (jengo la kukaushia tumbaku), makisio (makadirio ya mavuno ya msimu) na maotea ni maneno yenye maana mahususi kwa mkulima wa tumbaku, na kuyakwepa ni kurefusha sentensi bure. Mgeni anatosheka na maelezo mafupi ya kuambatana, mathalani: "ondoa maotea, yaani machipukizi yanayoota kwenye makwapa ya majani baada ya kikonyo cha ua kukatwa."

Hatua ya sita. Kabla ya kutuma, msomee mtu mmoja asiye wa fani yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkulima wa Nzega: Katibu, TCB ni nini? Nijibu haraka, niko safarini.

Katibu: Hatua ya tatu.

Mkulima wa Nzega: Si ungeniambia tu?

Katibu: Nimekwisha kusema, ndugu yangu, tena kwa aya nzima.

Binti wa Urambo: Shikamoo, katibu. Mfuko wa mbolea ya tumbaku umeandikwa NPK 10:18:24. N na P nimezielewa, lakini potasiamu haianzi na K. Na UREA ni kifupisho cha nini?

Katibu: Marahaba, binti yangu, umeuliza vizuri. K imetokana na kalium, jina la Kilatini la potasiamu. Namba hizo ni asilimia kwa uzito: mfuko wa kilo 50 una kilo 5 za nitrojeni, na fosforasi na potasiamu, ambazo huhesabiwa kama oksidi zake, ni kilo 9 na kilo 12. Urea si kifupisho, ni jina la kemikali, na haina haja ya herufi kubwa. CAN ndiyo kifupisho, cha calcium ammonium nitrate. Hapo kuna jambo la kuzingatia: mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni, na wa CAN yenye asilimia 27 una kilo 13.5, hivyo anayeandika "weka mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia" bila kuitaja ni ipi amemwachia mwenzake tofauti ya kilo tisa na nusu.

Mfuga nyuki wa Sikonge: Kwani kuna mfugaji asiyejua TBH?

Katibu: Wapo wengi, na baadhi yao wanavuna asali nyingi kuliko mimi na wewe kwa mizinga ya magome. Andika "mzinga ambao masega huning'inia kwenye fito zilizopangwa juu," kisha uweke TBH yako.

Kijana wa Kasulu: Katibu, katika muhtasari wa kikao tuandike "TBS imesema" au "TBS limesema"?

Katibu: Fuata nomino iliyojificha ndani yake. TBS ni shirika, kwa hiyo limesema. TRA ni mamlaka, imesema. BAKITA ni baraza, limesema. VICOBA ni kisa cha peke yake, kwa sababu herufi zake zilitoka katika Kiingereza, lakini kina mama wamekwisha kuziingiza katika ngeli yetu, wakapata kikoba kimoja na vikoba viwili, na hakuna anayeshangaa.

Kijana wa Kasulu: Na AMCOS je, kwa kuwa ni chama?

Katibu: Kwa kanuni hiyo ni "AMCOS kimesema," ingawa wengi huandika "imesema." Mimi sikatai yoyote, mradi usizichanganye zote mbili katika muhtasari mmoja.