Usimwage zege la msingi kabla hujajua kiwanja chako kina udongo wa aina ngapi

Wakuu, kuna kitu kinawatesa sana watu wanaojenga, nacho ni kuchimba shimo moja katikati ya kiwanja, kukuta udongo mgumu, halafu nyumba nzima inasimamishwa kwa kuamini hilo shimo moja. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kwenye vilima kama vya Goba au Kinyerezi, Dar es Salaam, unaweza kukuta juu ni kichanga kilichoshikana vizuri, katikati mfinyanzi, na kule bondeni ni kifusi ambacho mtu alimwaga miaka hiyo akasawazisha na sasa majani yameota huwezi kujua.

Anza kwa kuuliza na kuangalia. Waulize majirani maji ya kisima yanapanda hadi wapi wakati wa masika, wapi palikuwa na shimo la choo au la taka, mti gani mkubwa uling'olewa. Angalia nyufa za nyumba za jirani, ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha mara nyingi unakwambia upande mmoja umezama kuliko mwingine. Vyote hivyo chora kwenye karatasi.

Halafu mashimo: kona nne na katikati, na uongeze popote rangi ya udongo inapobadilika au ulipoambiwa palikuwa na shimo. Kuhusu kina, uzito wa bezi (lile pande la zege linalobeba nguzo) hauishii pale chini ya zege, unaendelea kushuka hadi kama mara mbili ya upana wake ndo unabaki kama asilimia 10, kwa hiyo bezi la mita 1.2 unatakiwa ujue udongo hadi mita 2.4 chini ya kitako chake. Na kawaida udongo hubadilika haraka zaidi ukienda chini kuliko ukienda pembeni, kwa hiyo shimo la futi tatu halijakwambia kitu. Ila tafadhali, shimo likishapita kifua mtu asiingie bila kuta kuzuiwa, tumia oga ya mkono, kile chombo cha kuzungusha kinachotoboa na kutoa udongo.

Kwa mfinyanzi, chukua donge bichi kila tabaka ulibonyeze. Likifinyangika kwa vidole kirahisi, nguvu yake ya kukataa kukatika ni kama kilopaskali (kipimo cha nguvu kwa kila mita ya mraba) 20 hadi 40. Likitaka ukaze vidole, 40 hadi 75. Lisipofinyangika ila kidole gumba kinaacha alama, 75 hadi 150. Hiyo haichukui nafasi ya vipimo vya injinia, lakini inakuonyesha haraka kona ipi sio sawa na nyingine.

Sasa ona inavyobadilisha hesabu. Kwa mfinyanzi unazidisha hiyo nguvu kwa 5.14 kisha unagawa kwa 3 kwa ajili ya usalama. Unachopata ni mzigo ambao udongo unaweza kubebeshwa: kona yenye 60 inakupa kama kilopaskali 103, yenye 30 inakupa kama 51 tu. Nguzo inayoshusha tani 14 itataka bezi la mita 1.2 kila upande pale pagumu, na la mita 1.65 pale palaini, nyumba ileile, fundi yuleyule!

Hapo ndo wengi wanachukua wastani. Mashimo yametoa 90, 80 na 25, wanaandika 65 mabezi yote yanafanana. Jamani hapana, bezi lililokaa kwenye 25 halijui kama mwenzake amekaa kwenye 90. Na hata kama halijavunja udongo, litazama zaidi, na nguzo zilizoachana mita 3 zikitofautiana kuzama kwa milimita 10 tu ukuta unaweza kuanza kupasuka.

Kwenye mchanga adui mkubwa ni maji. Yakipanda hadi usawa wa kitako cha bezi, uwezo wa udongo unaweza kushuka karibu nusu, kwa hiyo vipimo vya kiangazi peke yake vinadanganya. Na mchanga uliolegea na ulioshindiliwa sio kitu kimoja, pembe ya msuguano (inayoonyesha chembe za mchanga zinavyoshikana) ikitoka nyuzi 30 kwenda 35 kigezo kimoja cha hesabu ya uwezo wa kubeba kinaruka kutoka 18 hadi 33.

Ukishagundua tofauti usikimbilie kupanua bezi tu, maana bezi pana linasukuma uzito chini zaidi na linaweza kuamsha tabaka laini lililokuwa mbali. Mimi chaguo la kwanza ni kushusha mabezi yote hadi tabaka moja linalofanana. Kama ni mfuko mdogo wa udongo laini, utoe wote urudishe moramu (udongo wa changarawe), ushindilie kila sentimita 15. Kama nusu ya nyumba iko kwenye kifusi na huwezi kufika chini, ongea na injinia kuhusu jamvi zito la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima, au kuitenganisha nyumba pale udongo unapobadilika. Mkanda wa chini, ile boriti ya zege inayozunguka juu ya msingi, unasaidia kuunganisha, ila hauponyi udongo mbovu.

Mwisho, siku ya zege, kabla gari halijafika, tembea na nondo ya milimita 16 ndani ya mtaro wote ukichoma kila hatua. Pale inapozama kirahisi kuliko kwingine, simamisha kazi, chimbeni hapo kwanza muone kuna nini.